Fahamu: Wachezaji walipopewa rungu la hakimu

Mwaka 2011 Riot Games, kampuni ya Marekani yenye mchezo wa kompyuta wa League of Legends, iliwakabidhi wachezaji wenyewe kazi ya uhakimu. Aliyeripotiwa mara nyingi alifunguliwa jalada. Wenzake wakasoma aliyoyaandika wakati wa mechi, kisha wakapiga kura: aadhibiwe au asamehewe.

Mwanzoni waliopiga kura upande wa wengi walilipwa pointi. Hapo ndipo penye mtego: anayetaka pointi za haraka ana haja gani ya kusoma jalada? Malipo yakaondolewa, na mwaka 2014 baraza hilo la wachezaji-mahakimu likasimamishwa.

Jambo dogo lilifaa zaidi. Kampuni ilizima gumzo kati ya timu pinzani, ikamwachia anayelitaka aliwashe mwenyewe. Matusi yakapungua kwa karibu theluthi moja, ilhali watu waliendelea kuzungumza. Takwimu za kampuni zilionyesha pia kwamba sehemu kubwa ya uchafu hutoka kwa wachezaji wa kawaida walioamka vibaya, si kwa wakorofi sugu (ambao kila mtu hupenda kuwalaumu).

Na kumfungia mtu bila kumwambia kosa lake? Walioonyeshwa maneno yao wenyewe walijirekebisha zaidi ya walioadhibiwa kimyakimya.