Kuyaendea Majaruba ya Ifugao

Kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, yapata kilomita 350 kutoka Manila, milima ya Cordillera imekatwa ngazi kuanzia kando ya mito hadi jirani na vilele. Kila ngazi ni jaruba la mpunga. Kila jaruba lina ukuta wake wa mawe au wa udongo, lina ukingo mwembamba wa kupita mtu mmoja, na lina maji yaliyotulia juu ya mteremko ambao mtu asiyeuzoea huupanda kwa mikono na miguu. Hiyo ndiyo nchi ya Waifugao wa Ufilipino. Msomaji anayeweka akiba ili siku moja akajionee mashamba ya kale ya mpunga wa milimani, ningemwambia aanzie huko.

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,600 na watu zaidi ya milioni 110. Wahispania waliitawala tangu 1565 hadi 1898, wakafuata Wamarekani, na uhuru ukapatikana mwaka 1946. Tawala hizo mbili ziliacha makanisa ya Kikatoliki kila mji, majina ya Kihispania, na Kiingereza kinachosemwa ofisini, hotelini na hata sokoni, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya hatapata tabu ya kuuliza njia. Lakini milimani historia ilikwenda vingine. Wahispania walituma askari na mapadri Cordillera mara kwa mara, wala hawakufanikiwa kuitiisha kama walivyoyatiisha mabonde. Mkoa wa Ifugao wenyewe uliundwa mwaka 1966, makao yake makuu ni Lagawe, na wakazi wake ni kama laki mbili.

Umri wa majaruba haya una mjadala, na anayepanga safari ya kwenda kuona mambo ya kale afaa aujue kabla hajafika. Vitabu vya shule na vipeperushi vya watalii vimekariri kwa muda mrefu kwamba yana miaka 2,000 au zaidi. Makisio hayo yalitoka kwa wataalamu wa mwanzo wa karne ya 20, akiwamo Mmarekani Henry Otley Beyer, waliokadiria muda ambao watu wangehitaji kuichonga milima yote ile kwa mikono. Baadaye mwanaakiolojia Stephen Acabado na wenzake walichimba katika kijiji cha kale cha Kiyyangan, wilayani Kiangan, wakaja na maelezo mengine: kilimo cha mpunga wa maji kilipanuka kwa kasi katika karne ya 17, baada ya Wahispania kuingia mabondeni, na kabla ya hapo wenyeji walilima zaidi magimbi. Wapo Waifugao na wasomi wanaoshikilia bado ule umri mkubwa. Mimi naona ushahidi wa waliochimba ardhini una uzito zaidi, na wala hauwapunguzii Waifugao heshima. Watu waliokataa kutawaliwa, wakajikita mlimani, na katika vizazi vichache wakaugeuza mlima kuwa shamba lenye maji, hawahitaji kuongezewa miaka ili tuwastaajabie.

Mwaka 1995 UNESCO iliyaingiza majaruba ya Ifugao katika orodha ya Urithi wa Dunia. Maeneo yaliyoorodheshwa ni matano: Batad na Bangaan katika wilaya ya Banaue, Nagacadan huko Kiangan, Hungduan, na Mayoyao. Wageni wengi hawatambui kwamba yale yanayotazamwa kutoka barabarani juu ya mji wa Banaue, yaliyochapwa kwenye noti ya peso 20, hayamo katika orodha hiyo, kwa kuwa majengo ya kisasa yameyaingilia mno. Hata hivyo ndiyo yanayopigwa picha kuliko yote, kwa sababu gari hufika mpaka kwenye kituo cha kutazamia. Anayeshuka garini, akapiga picha, akala chakula cha mchana na kurudi Manila, atakuwa amesafiri usiku kucha kwenda kutazama noti.

Kinachostahili safari ni jinsi mlima mzima unavyofanya kazi, na hilo halionekani kwa mbali. Juu kabisa, kabla ya jaruba la kwanza, upo msitu. Waifugao huuita muyong, na kila muyong una ukoo unaoumiliki na kuutunza. Miti yake hunywa mvua na kuiachia polepole, chemchemi hutoka chini yake, na kuni, mianzi na mbao za kujengea hutoka humo pia. Maji hushika mifereji iliyofuata mkunjo wa mlima, huvuka makorongo kwa mabomba ya mianzi, huingia jaruba la juu, na yakijaa humwagikia la pili, la tatu, mpaka mtoni. Hakuna pampu. Msomaji wa Kilimanjaro anayeijua mifongo ya Wachaga, iliyoteremsha maji ya msituni hadi kwenye vihamba, ataelewa upesi kwamba kazi ngumu hapa ni mapatano: nani afungue mfereji leo, nani asubiri, nani atengeneze palipobomoka. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limezitambua sehemu zote mbili, Ifugao na kihamba cha Shimbwe Juu huko Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia.

Mpunga wa asili wa huko huitwa tinawon. Huvunwa mara moja tu kwa mwaka, unastahimili baridi ya milimani, na mchele wake una harufu nzuri. Vitalu humwagwa mbegu mwishoni mwa mwaka, miche hupandikizwa kati ya Januari na Machi, palizi na ukarabati wa kuta hufuata, na mavuno huja takriban Juni hadi Agosti. Wanawake huchagua mbegu na hupandikiza kwa mkono, mche kwa mche, na watu husaidiana kwa ujima wanaouita ubbu: leo kwangu, kesho kwako. Kulikuwa pia na kiongozi wa kilimo, tumona, ambaye jaruba lake lilipandwa kwanza, ndipo kijiji kizima kikafuata. Kuhani wa mila, mumbaki, aliongoza matambiko katika kila hatua. Leo Waifugao wengi ni Wakristo na wamumbaki wamebaki wachache, lakini katika baadhi ya vijiji bado huitwa.

Kalenda hiyo ndiyo ya kupangia safari. Anayetaka kuona maji yakimeta kabla ya miche kuyafunika aende Januari au Februari, akijua kwamba kutakuwa na ukungu na baridi ya kuvalia sweta. Anayetaka kijani aende Aprili na Mei, miezi ambayo pia njia hazina matope mengi. Dhahabu ya mpunga ulioiva huja Juni na Julai, lakini huo ndio mwanzo wa msimu wa tufani, na mvua zake huangusha udongo barabarani na kuzifunga njia kwa siku kadhaa. Kama ningelazimika kuchagua mara moja tu, ningekwenda mwishoni mwa Aprili.

Mavuno yana jambo moja linaloweza kumfanya mtu ajihatarishe na mvua. Ni hudhud, tenzi za masimulizi ambazo Waifugao huziimba wakati wa kupanda, wa kuvuna na kwenye matanga. Zipo zaidi ya 200, kila mmoja umegawanyika katika sehemu 40, na kuumaliza mmoja huweza kuchukua siku tatu au nne. Aghalabu mwanamke mzee ndiye huongoza na wengine humpokea. UNESCO ilizitangaza kuwa urithi mwaka 2001. Baada ya mavuno, huko Hapao wilayani Hungduan, watu hukutana mtoni kwa punnuk, shindano la kuvutana, ambalo liliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa mila mwaka 2015.

Njia yenyewe si ngumu kupanga. Kutoka Dar es Salaam au Nairobi abiria wengi hupitia Doha au Dubai hadi Manila, ambako saa iko mbele ya yetu kwa saa tano. Masharti ya kuingia hubadilika, kwa hiyo uliza ubalozi wa Ufilipino ulioko Nairobi kabla ya kukata tiketi, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na jaza fomu ya wasafiri ya mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Mabasi ya Banaue huondoka Manila usiku na hufika asubuhi, baada ya saa tisa au kumi za safari. Kiyoyozi huwa kikali kupita kiasi, basi shuka au koti liwe mkononi, lisiwe kwenye mzigo uliofungiwa chini. Badilisha fedha ukiwa Manila na ubebe peso taslimu, kwa maana vijijini kadi ya benki haitakusaidia.

Kutoka Banaue mjini hadi njia ya Batad utapanda jipni, gari refu la abiria lililotokana na jipu za jeshi la Marekani, au pikipiki yenye kiti cha ubavuni. Barabara ikiisha, unashuka kwa miguu. Batad imekaa ndani ya bonde lililopinda kama bakuli lililokatwa, majaruba yakipanda pande zote na nyumba zikikusanyika chini. Kuta zake ni za mawe, nyingine zapita kimo cha mtu, na njia ya kupita ni juu ya ukuta huohuo. Chukua kiongozi kutoka kijiji chenyewe, si kwa ajili ya usalama wako pekee: mguu unaoteleza hubomoa ukingo ambao mtu aliujenga kwa wiki nzima. Ukiwa na nguvu, shuka mpaka maporomoko ya maji ya Tappiya. Ukibakiwa na muda, nenda Kiangan, ambako Jenerali Yamashita wa Japani alijisalimisha tarehe 2 Septemba 1945 na Vita vya Pili vya Dunia vikaisha Ufilipino. Nagacadan iko karibu na hapo.

Malazi ya Batad ni nyumba za wageni za familia, na baadhi ya wenyeji hulaza wageni katika bale, nyumba ya asili ya mbao. Husimama juu ya nguzo nne, kila nguzo imevishwa gurudumu la mbao la kuzuia panya wasipande, paa ni la nyasi, na mbao zimeunganishwa bila msumari. Chakula ni wali, mboga, mayai, kuku na nguruwe. Mwislamu aseme mapema asichokula, ataeleweka. Katika maghala ya mpunga utaona bulul, sanamu za mbao za walinzi wa mavuno. Nunua mpya kwa mchongaji na uache za zamani, kwani nyingi ziliibwa kutoka maghalani zikauzwa kwa wakusanyaji wa nchi za nje.

Na fedha yako ina maana huko kuliko unavyodhani. Kutoka 2001 hadi 2012 majaruba haya yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na sababu zilizoyafikisha huko hazijaisha. Nyungunyungu wakubwa hutoboa kuta, maji yakavuja na ukuta ukaanguka. Konokono wa dhahabu, walioletwa nchini miaka ya 1980 wafugwe kwa chakula, hula miche michanga. Zito kuliko yote ni kuondoka kwa vijana. Kwa desturi, mtoto wa kwanza, wa kike au wa kiume, hurithi sehemu kubwa ya mashamba, na wadogo zake hutafuta maisha Baguio, Manila au ng'ambo. Siku hizi hata wa kwanza huondoka, maana tinawon wa jaruba dogo hulisha familia kwa miezi tu, haulipi karo. Ukuta ulioachwa msimu mmoja huota majani, wa misimu michache huporomoka na kuangukia jaruba la jirani wa chini.

Kwa hiyo panga usiku mbili Batad au Hungduan, si saa mbili Banaue. Lipa ada ya kijiji bila kubishana, mlipe kiongozi wako anachostahili, kula mchele wao, na kama wanauza, nunua kilo chache za tinawon kwa mkulima mwenyewe ubebe Manila.