Nyota za maabara za afya: Jinsi ubora wa vipimo unavyotathminiwa na kuimarishwa

Mama mjamzito anayepimwa kundi la damu Sikonge, mtoto anayepimwa malaria katika zahanati ya Uyui na mgonjwa wa kisukari anayefuatilia hali yake Urambo wanategemea jambo moja: majibu sahihi ya maabara. Jibu likiwa na kosa, dawa isiyostahili inaweza kutolewa, au ugonjwa ukaachwa bila tiba. Kutokana na uzito huo, maabara za afya nchini hutathminiwa kwa vigezo vilivyo wazi, na kila mwananchi anapaswa kuvielewa.

Chimbuko la utaratibu

Januari 2008, wadau wa afya waliokutana Maputo, Msumbiji, walitoa azimio la kuzitaka serikali kuimarisha mifumo ya maabara. Julai 2009, mjini Kigali, Rwanda, Shirika la Afya Duniani (WHO) Kanda ya Afrika lilizindua utaratibu wa kuziongoza maabara hatua kwa hatua kuelekea ithibati. Utaratibu huo unafahamika kwa kifupi chake, SLIPTA. Sambamba nao ulizinduliwa mpango wa mafunzo ya uongozi wa maabara, SLMTA, ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoutekeleza.

Katika SLIPTA, wakaguzi hutembelea maabara wakiwa na orodha ya maswali iliyojengwa juu ya kiwango cha kimataifa cha ISO 15189. Toleo la mwaka 2015 lilikuwa na maeneo 12 na jumla ya alama 275. Maabara inayopata chini ya asilimia 55 haipewi nyota. Asilimia 55 hadi 64 ni nyota moja, 65 hadi 74 nyota mbili, 75 hadi 84 nyota tatu, 85 hadi 94 nyota nne, na 95 au zaidi ni nyota tano.

Nyota hizi zisichanganywe na zile za vituo vya kutolea huduma za afya ya msingi, ambavyo tathmini yake ya kitaifa ilianza mwaka 2015/16. Zile hupima kituo kizima, ilhali hizi hupima maabara pekee.

Kinachokaguliwa

Wengi hudhani kuwa ubora wa maabara ni mashine mpya. Mashine ni eneo moja tu. Wakaguzi huangalia pia kumbukumbu, umahiri wa watumishi, ununuzi na utunzaji wa vitendanishi, usalama wa jengo, huduma kwa wateja, na hatua zinazochukuliwa kosa linapobainika. Mashine ya kisasa haina faida iwapo vitendanishi vimepita muda wake, au iwapo jokofu linalotakiwa kuwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 halisomwi wala kuandikwa kila siku.

Aidha, maabara hupokea sampuli za majaribio kutoka nje, ambazo majibu yake anayajua mtumaji peke yake. Watumishi huzipima kama za wagonjwa na kurejesha majibu, kisha hulinganishwa. Tofauti ikijitokeza, maabara hutakiwa kutafuta chanzo na kukirekebisha kwa maandishi.

Njia ya msafara, njia ya sampuli

Kwa Mkoa wa Tabora, suala la umbali lina uzito wa pekee. Katika karne ya 19, Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na mwaka 1912 Reli ya Kati ilifika hapo. Leo, katika nchi hiyo hiyo ya umbali mrefu, sampuli zinazohitaji uchunguzi zaidi husafirishwa kutoka vituo vya pembezoni kwenda maabara kubwa zaidi, ikiwemo ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tabora, Kitete.

Safari hiyo inaweza kubadili majibu. Damu ambayo majimaji yake hayajatenganishwa na chembe hupoteza sukari takribani asilimia 5 hadi 7 kwa kila saa katika joto la kawaida la chumba, kwa kuwa chembe hai huendelea kuitumia. Baada ya saa nne, mgonjwa mwenye sukari ya juu anaweza kuonekana mzima. Vilevile, chembe nyekundu zikipasuka, kiwango cha potasiamu huonekana kikubwa kuliko kilivyo mwilini.

Ndiyo maana tathmini huanzia kabla ya sampuli kufika mezani: nani aliitoa, saa ngapi, katika kichupa gani, na ilihifadhiwa vipi njiani. Maabara bora hukataa sampuli isiyofaa na kueleza sababu.

Maboresho yasiyohitaji fedha nyingi

Hatua nyingi za mwanzo ni za nidhamu. Mbinu ya 5S, iliyoanza kutumika katika Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007 kwa ushirikiano na Japani, hufundisha watumishi Kusasambua, Kuseti, Kusafisha, Kusanifisha na Kushikilia. Rafu iliyopangwa kwa tarehe za mwisho wa matumizi huzuia upotevu wa vitendanishi, na maelekezo ya kazi yaliyobandikwa ukutani huondoa tofauti kati ya mtumishi wa asubuhi na wa usiku.

Maabara iliyofikia viwango huweza kuomba ithibati kutoka chombo cha Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADCAS, chenye makao makuu Gaborone, Botswana. Ithibati hutolewa kwa vipimo vilivyotajwa katika cheti, si kwa kila kipimo.

Faida yake huonekana zaidi wakati wa dharura. Machi 2023, Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii ilithibitisha virusi vya Marburg katika sampuli kutoka Kagera, na hatua za udhibiti zikachukuliwa. Juni 2 mwaka huo mlipuko ulitangazwa kumalizika.

Wajibu wa mwananchi

Mwananchi anayo nafasi katika ubora huo. Anashauriwa kutaja majina yake kamili, kuhakikisha kichupa kimeandikwa jina lake mbele yake, kueleza dawa anazotumia, na kufuata maelekezo ya kufunga kula pale anapoelekezwa. Anapoombwa kutoa sampuli upya, asione kuwa anasumbuliwa. Akiwa na shaka juu ya majibu, anayo haki ya kuuliza, na malalamiko yasiyopata ufumbuzi kituoni yafikishwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.