Imba kwa sauti ndogo, usikie kasoro zako

Mwezi wa Agosti Dodoma imekauka. Upepo umebeba vumbi, na kwenye mazoezi ya kwaya watu wanakohoa hata kabla ya wimbo kuanza. Kisha spika zinawashwa, sauti ya nne inashindana na kinanda, na ikifika Jumapili nusu ya waimbaji wanakwaruza.

Zoezi linalodharauliwa ni kuimba kwa sauti ndogo. Ndogo, si ya chini: noti inabaki juu palepale, kinachopungua ni nguvu.

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili ndani ya koromeo, imefunikwa utando wenye ute. Sauti ya kwanza wakishika ile noti A ya kulinganishia ala, mikunjo hiyo hukutana na kuachana mara 440 kwa sekunde. Ukipaza sauti, msukumo wa pumzi hutikisa hata nyuzi zilizovimba, na kasoro hufichika. Ukipunguza pumzi, zisipokutana sawasawa hewa huvuja. Sauti huchelewa kutoka au hukatika. Daktari Robert Bastian wa Marekani huutumia ujanja huo kutafuta uvimbe: mwimbaji huimba kipande cha wimbo wa siku ya kuzaliwa, juu sana na kwa sauti ndogo mno.

Utando ukikauka, pumzi kubwa zaidi huhitajika kuuamsha. Basi kunywa maji tangu asubuhi. Funda la dakika ya mwisho haligusi nyuzi za sauti, lingezigusa, ungepaliwa.

Anza na "mmm", mdomo umefungwa, kwenye noti ya katikati. Ikuze taratibu, kisha ipunguze bila kuiacha ishuke. Hapo kwenye kupunguza ndipo wengi tunaumbuka. Mrija wa soda nao unafaa: imba kupitia humo, kama anavyofundisha mtafiti Ingo Titze, kwani hewa inayozuiliwa mdomoni huzipunguzia nyuzi kugongana kwa nguvu. Kunong'ona si zoezi hili, na huweza kulichosha koo.

Wagogo wa Dodoma wana mfano wao wa sauti inayopanda juu. Mwanamuziki Hukwe Zawose wa kijiji cha Doduma, aliyefariki mwaka 2003, aliimba na zeze na ilimba (marimba ya vidole), akitoka kwenye sauti nzito hadi nyembamba kabisa. Sikiliza rekodi zake, hasa pale juu.

Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki nne, weka mrija pembeni, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akutazame koromeo.