Kasuku nyumbani: tuhesabu saa kwanza

Wengine wenu wanatuuliza: "Niuze mbuzi, ninunue kasuku wa kijivu mwenye mukia mwekundu?" Tunajibu: hesabu saa zako kwanza. Asubuhi mapema muko mu shamba la kahawa. Kisha kuna soko, maji, kuni, watoto. Nani atabaki na kasuku?

Porini anaishi kwa kundi. Akifungwa peke yake siku nzima, anapiga kelele na kujing'oa manyoya. Anaweza kuishi miaka 40 ao zaidi, kwa hiyo hata watoto wenu watabeba kazi hiyo. Tena avoka na kahawa, zenye tuko nazo kila siku, ni sumu kwake.

Kumbukeni pia: wengi wanakamatwa porini na wanakufa njiani. Tangu 2017, mukataba wa CITES unakataza biashara ya kasuku hawa wa porini kati ya inchi na inchi. Kituo cha Lwiro, Kivu Kusini, kinalea wale waliookolewa.

Basi mbuzi abaki. Kama munataka kuongeza mifugo, kuku ao sungura wanatosheka na muda kidogo asubuhi na jioni. Wao hawaombi mazungumzo.