Faili Inapokataa Kutii: Sera za Usalama wa Kompyuta na Programu za Ofisi

Makala haya yanafafanua tatizo linaloweza kuikumba idara yoyote ya chuo wakati wa kujumlisha matokeo. Lahajedwali ya Excel iliyotumika vizuri miaka iliyopita inafunguka, ila makro za kukokotoa alama hazitendi kazi, na utepe mwekundu unatangaza kwamba zimezuiwa. Aghalabu mtumiaji huilaumu programu, akaiondoa na kuisakinisha upya. Hiyo ni kazi bure, kwani programu haina kasoro.

Chanzo ni uamuzi wa mwaka 2022. Mwezi Februari Microsoft ilitangaza kwamba makro zilizomo katika faili zitokazo kwenye intaneti zitazuiwa moja kwa moja. Mwezi Julai hatua hiyo ilisitishwa, kisha ikarejeshwa mwezi huohuo. Awali palikuwa na utepe wa manjano wenye kitufe cha kuruhusu, nasi, tuseme kweli, tulikibofya bila kusoma.

Windows huipiga faili iliyopakuliwa muhuri usioonekana, unaotaja eneo ilikotoka. Namba 3 humaanisha intaneti. Muhuri huo hutegemea mfumo wa diski wa NTFS, hivyo faili ikipitia flashi ya FAT32 huupoteza. Ndiyo maana faili ileile hukataa kwako na kukubali kwa mwenzako. Hata folda ya pamoja huweza kuhesabiwa kuwa ya intaneti endapo seva inafikiwa kwa anwani ya namba badala ya jina.

Ikiwa mtumiaji ana hakika na aliyeituma faili, huifunga, hufungua dirisha la sifa zake na kutia tiki kwenye kisanduku cha kuondoa kizuizi. Mipangilio ya makro ikiwa imefifia na haibadiliki, hiyo ni ishara kwamba sera imewekwa na msimamizi wa mfumo. Amri ya gpresult /h, ikifuatiwa na jina la faili ya ripoti, huorodhesha sera zinazomhusu mtumiaji. Ripoti hiyo ndiyo ya kumpelekea msimamizi.

Wapo wanaoshauri kuruhusu makro zote. Hatuafiki: virusi vya Melissa vilisambaa mwaka 1999 kupitia makro za Word, na kompyuta yenye alama za wanafunzi si mahali pa kubahatisha. Inatosha msimamizi kuteua folda moja ya kuaminika, ambamo watumishi wachache tu wana idhini ya kuweka faili.