Mkuki Ulipopambana na Bunduki: Shangi na Lugalo

Kutoka Rwimbogo, kusini-magharibi kabisa mwa Rwanda, Kongo si mbali: ni ng'ambo tu ya mto Rusizi. Nchi hii, toka bonde la mto huo hadi ufuko wa ziwa Kivu, jina lake la kale ni Kinyaga. Mlango wa Rwanda ulikuwa hapa, na ndio uliobishwa hodi na wavamizi mwaka 1896.

Mfalme Rwabugiri, aliyetisha majirani zake wote, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Luteni Sandrart, Mbelgiji aliyelitumikia dola la Kongo la Mfalme Leopold, aliingia na kikosi kidogo akapiga kambi Shangi, kando ya ziwa. Jeshi la Rwanda lililotumwa kumfukuza liliongozwa na Bisangwa, mmoja wa makamanda hodari wa marehemu mfalme. Kwa idadi, Wanyarwanda walikuwa wengi. Walikwenda kwa mikuki na mishale kuishambulia kambi yenye bunduki, wakashindwa, na Bisangwa akauawa.

Hapa tunaomba radhi kwa wale wapendao kupima vita kwa kuhesabu vichwa. Katika miaka ile taifa liliweza kuwa na watu kumi dhidi ya mmoja na bado likawa ndilo lililozidiwa. Ushindi usiotazamiwa ulikuwa ule wa mkuki juu ya bunduki, na ulikwisha kupatikana miaka mitano kabla ya Shangi, katika nchi ya Uhehe, ambayo leo ni mkoa wa Iringa, Tanzania.

Tarehe 17 Agosti 1891, Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alikuwa akipita Lugalo na askari zaidi ya 300, wapagazi, mizinga na bombomu. Msafara ulikuwa mrefu, katika njia nyembamba. Wahehe wa Mtwa Mkwawa, wapatao 3,000, walikuwa wamejilaza vichakani. Walipoinuka, walikuwa karibu mno. Askari wengi walipata nafasi ya kupiga risasi moja au mbili tu. Mizinga haikufaa kitu. Katika muda wa dakika chache Zelewski alikuwa amechomwa mkuki, na sehemu kubwa ya kikosi chake imelala chini. Luteni Tettenborn, aliyekuwa nyuma ya msafara, aliponea chupuchupu na wachache. Wahehe waliteka bunduki zipatazo 300.

Yafaa tukumbuke pia kwamba waliouawa Lugalo wengi wao walikuwa Waafrika, Wasudani na watu wa kusini waliokodiwa, kama vile wenye bunduki wa Sandrart walivyokuwa Waafrika wa Kongo. Mzungu alikuja na maofisa; damu aliikopa kwetu.

Basi tofauti ya Lugalo na Shangi ilikuwa nini? Ushujaa haukupungua popote. Tofauti, kwa maoni yetu, ni hatua za miguu. Bunduki hutaka nafasi mbele yake. Wahehe waliinyima nafasi hiyo; Wanyarwanda, waliolazimika kuiendea kambi iliyokwisha kujiweka tayari, waliipa. Na Mkwawa mwenyewe aliirudisha nafasi ile kwa adui alipojitegemeza kwenye boma lake la mawe la Kalenga. Ukuta hauwezi kujificha vichakani. Tarehe 30 Oktoba 1894, baada ya kupigwa kwa mizinga, Kalenga ilitekwa na Gavana von Schele. Mkwawa akarudi porini, akawasumbua Wajerumani mpaka alipojiua mwaka 1898.

Huko Rwanda, gharama ya Shangi haikuishia ufukoni mwa Kivu. Bisangwa alikuwa nguzo ya mfalme mpya, Mibambwe Rutarindwa, ambaye ndani ya jumba lake mwenyewe alikuwa na maadui waliosubiri. Mwezi Desemba mwaka ule ule wa 1896, mapinduzi yalitokea Rucunshu. Rutarindwa aliangamia, na kiti kikachukuliwa na Musinga, kijana mdogo, mwana wa Kanjogera. Wajerumani walipofika mwaka 1897 wakiongozwa na Kapteni Ramsay, hawakupigana. Walikuta baraza lililokwisha kuona bunduki inafanya nini, nalo likawapokea. Mwaka uliofuata walijenga kituo cha kijeshi Kinyaga, pale pale Shangi.