Mlinzi Getini, Dirisha Wazi

Ukipita Barabara ya Rwagasore usiku utawakuta walinzi mbele ya maduka, rungu mkononi. Tajiri amelala akijua mali yake iko salama. Lakini kama dirisha la nyuma halina komeo, huyo tajiri amelipia nini?

Ndugu msikilizaji, swali hilo nililetewa na rafiki yangu mwenye nyumba ya wageni pale Kirumba. Tovuti yake ya kupokea maombi ya vyumba ilivamiwa. Mteja akiifungua, badala ya vyumba na ziwa anakuta matangazo ya kamari. Mgeni wake wa siku nyingi ndiye aliyempigia simu kuuliza kama amebadili biashara.

Tovuti hiyo imejengwa kwa WordPress, mfumo uliozinduliwa mwaka 2003 na unaobeba zaidi ya theluthi moja ya tovuti za dunia. Kwa kuwa ni wa wengi, wezi nao wameusoma sana. Fundi alimsafishia, kisha akamwekea programu-jalizi ya ulinzi. Kazi yake ni kumkagua kila anayebisha hodi, kumfungia anayekosea neno la siri mara nyingi, kupekua mafaili na kumpelekea mwenye tovuti barua pepe za tahadhari.

Wiki ya kwanza barua hizo zilimnyima usingizi: watu wa nchi asizozijua wanajaribu kuingia! Nikamwambia hao si maadui zake, ni mashine zinazobisha kila mlango. Wiki ya pili alikosea neno la siri yeye mwenyewe, mlinzi akamfungia nje bosi wake. Wiki ya tatu akaacha kuzisoma kabisa, na hapo ndipo penye hatari. Miongoni mwa barua hizo ilikuwamo moja iliyomwambia kwamba sehemu fulani ya tovuti imepitwa na wakati na inahitaji kusasishwa.

Mlinzi huyu hufanya kazi kwa kujua mbinu za wezi, na mbinu hubadilika. Kwa mfano Wordfence, mojawapo ya programu hizi inayotumika sana: anayelipa hupata kanuni mpya za ulinzi mara zinapotolewa, anayetumia bure huzipata baada ya siku 30. Hilo si kosa, bure ina masharti yake. Ila mwezi mmoja kwa mwizi ni muda mrefu.

Tukumbuke mwaka 2017. Tarehe 26 Januari, WordPress ilitoa toleo la 4.7.2 kuziba tundu kubwa. Mwezi uliofuata, kurasa zaidi ya milioni moja zilichafuliwa kwenye tovuti ambazo hazikuwa zimesasishwa. Dawa ilikuwapo, hawakuinywa.

Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayomwadhibu anayeingia pasipo ruhusa. Lakini sheria humfuata mwizi akiwa ameshaondoka, pengine yuko ng'ambo.

Basi, mlinzi wekeni, lakini msilale. Sasisheni tovuti kila toleo jipya linapotoka. Tumieni neno la siri refu lisilotumika kwingine. Wekeni nakala ya tovuti mahali pengine kabisa. Rafiki yangu sasa husoma barua zake kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua daftari la wageni. Humchukua dakika kumi.